Bangili Iliyogeuzwa

Klementina wa Kasoli alipofuka polepole, kama nyumba inayofungwa madirisha moja baada ya jingine na mtu asiye na haraka. Kwanza pembe za dunia zilipotea, kuku na mbuzi wakawa wanamtokea ghafla miguuni. Kisha nyuso zikabaki vivuli. Daktari wa Bariadi mjini alimwambia ni presha ya macho, akamwambia pia kwamba angekuja mapema lingefanyika jambo. Wakati huo dirisha la mwisho lilikuwa limebaki mwanya. Mwaka uliofuata hata mwanya haukuwepo.

Mumewe, Januarius, alikuwa amekwisha kulala kaburini nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa shamba la pamba alilolilima maisha yake yote. Binti yao wa pekee, Gloria, alikaa na mama hadi alipoolewa Geita, akaondoka akilia, na Klementina akamsukuma kwa kiganja mgongoni apande gari. Baada ya hapo alibaki yeye na nyumba.

Nyumba ile aliijua. Asubuhi alifungua mlango, jua likamgusa shavu la kushoto, akajua yuko sawa na njia ya kisimani. Ukuta wa jiko ulibaki na joto hadi mchana, hakuhitaji kuuona ili aukwepe. Katika kona ya sebule ulikaa mtungi wa maji aliopewa na mama mkwe wake, na mtu akitembea gizani kuelekea kona ile alianza kuusikia ubaridi wake kabla hajaufikia. Klementina aliishi katikati ya vitu hivyo kama mtu anayeishi na ndugu wasiosema sana.

Lakini ndugu waliosema walikuwepo. Mdogo wake, Mwandu, alikaa Kimali walikozaliwa, na kila pamba ilipokwisha kuuzwa alikuja na neno lile lile.

"Dada, twende nyumbani."

"Hapa ni wapi?"

"Hapa ni kwa shemeji, na shemeji amekufa. Ukidondoka huko njiani watu watauliza mdogo wake alikuwa wapi."

"Utawaambia ulikuwa Kimali unachunga ng'ombe."

"Sitanii, dada."

"Na mimi sitanii. Kwani huchungi?"

Mwandu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Klementina. Mtu mbaya unaweza kugombana naye, majirani wakasikia, wakaja kusuluhisha. Huyu alikuwa anamwogopea tu. Klementina aliyaona maisha ya Kimali kama ambavyo angeyaona angekuwa na macho: kigoda kimoja kivulini, mtoto wa kumpeleka chooni, sahani ya ugali inayowekwa mapajani bila yeye kujua imetoka wapi. Angelishwa vizuri, angeogeshwa, na asingeinuka kwenda popote mpaka mtu mwingine aamue.

Mwaka ambao mradi wa bangili ulifika Kasoli, Mwandu alikuwa ameacha kuomba, ameanza kupanga.

Mradi uliletwa na vijana wa chuo fulani cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa nje. Kwa wasioona walikuja na kijisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani, kinachotazama mbele badala ya macho, na bangili ya kuvaa mkono wa kulia. Ndani ya bangili kulikuwa na kibati chembamba kinacholala juu ya ngozi. Njia ikiwa wazi, bangili ilikaa kimya. Mbele kukiwa na shimo, ukuta, ng'ombe amelala au gogo, kibati kilianza kusema: kilipata joto pale penye kupitika, kikapoa pale penye hatari. Waliwaeleza kwa nini hawakutumia sauti. Sauti ingeziba masikio, na asiyeona akizibwa masikio amebaki na nini? Mtetemo nao waliujaribu, wazee wakashtuka kama wamekanyaga nyoka. Joto na baridi, walisema, ni lugha ambayo kila mwenye ngozi anaielewa.

Msichana aliyewafundisha aliitwa Nancy, mzaliwa wa Bariadi mjini. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa lakini asiyependa kupaza. Aliwapanga kwenye uwanja wa kanisa, akaweka viti na ndoo njiani, akawaambia watembee.

Klementina alivigonga viti vyote.

"Mama Gloria," Nancy alisema siku ya pili, akimwondolea ndoo kwenye mguu, "tumekubaliana nini?"

"Joto nenda, baridi simama."

"Sasa mbona baridi ikija unaongeza mwendo?"

"Sijui, mwanangu. Mkono unapoa, na moyo unapoa. Miguu inaenda yenyewe."

"Na joto?"

"Joto linanisimamisha. Kama kuna mtu ananiambia usiingie."

Wenzake wawili kwenye benchi waliguna kukubali. Hata wao, walisema, ila wao walijikaza. Nancy aliiweka ndoo pembeni. Kisha akauliza, kwa Kisukuma safari hii, nyumba ikiwa na ugomvi wazee husemaje.

"Ina moto."

"Na ikitulia?"

"Imepoa. Ni mhola." Klementina akacheka kidogo. "Wewe si mtoto wa huku? Ukisalimiwa unajibu nini?"

Mhola ndilo jibu la kila salamu ya huko: tuko salama, tumepoa. Klementina aliponyonya maziwa ya mama yake Kimali alinyonya na hilo. Baba yake aliporudi mnadani na hasira, mama hakumuuliza lolote, alimwekea kibuyu cha maji baridi mlangoni, na baba hakuvuka kizingiti kabla ya kunywa. Waliotoka kuzika walinawishwa maji ya mtungi kabla ya kushika watoto. Mgonjwa alipopona hawakusema amepata nguvu, walisema amepoa. Katika nchi ambayo jua hukausha lambo hadi tope linapasuka kama visigino vya mkulima, hakuna aliyewahi kumkaribisha mgeni kwa joto.

Nancy alikaa chini kwenye nyasi, akatoa simu yake. "Walioiwaza bangili hii," alisema, "wametoka kwenye nchi ambazo mtu akikosa moto usiku anakufa. Kwao joto ni mama." Akabonyeza hapa na pale. "Yako naigeuza. Za wenzako wakitaka nitazigeuza pia."

Wale wawili walikataa, wamekwisha kuzoea kujikaza. Klementina aliinuka peke yake. Alipofika kwenye viti, mkono ukapata moto, akasimama. Akageuka kidogo kushoto, ubaridi ukamjia kwenye kifundo kama maji yanayomwagwa na mtu mwenye adabu, akaufuata. Alivipita viti vyote. Alipofika mwisho wa uwanja hakuna aliyepiga makofi, maana Nancy alikuwa amesahau, amebaki amesimama na mkono mdomoni.

Miezi iliyofuata Klementina alitembea kama mtu anayelipiza kisasi. Alikwenda kisimani mwenyewe, kanisani mwenyewe, kwa jirani yake Felisita kupeleka michembe ya viazi vitamu na kurudi na maneno.

"Hirizi yako inasemaje leo?" Felisita alimuuliza kila alipoingia.

"Inasema hapa kuna mtu mmbeya. Inaniunguza mkono."

"Padri akijua utanyimwa komunyo."

"Padri kaiomba aijaribu. Akagonga nguzo ya kengele."

Fimbo yake ya zamani, ya mti wa mkole, aliendelea kuishika mkono wa kushoto, kwa mazoea. Nancy mwenyewe alimsisitizia: bangili ni ya kusaidia fimbo, siyo ya kuifukuza. Mvua zilipokwisha, mkandarasi wa barabara alichimba mtaro mrefu kati ya nyumba yake na kisima, mrefu kwenda chini kuliko kimo cha mtu, akauwekea mbao mbili za kuvukia. Watu wenye macho waliulalamikia. Klementina alifika kwenye ukingo, moto ukamjia kulia, moto ukamjia kushoto, na katikati, palepale penye mbao, ubaridi mwembamba. Akaufuata kama uzi unavyofuata sindano. Fimbo ikagonga ubao kuthibitisha.

Ndipo alipompigia Mwandu simu.

"Njoo pamba ikiisha. Nitatoka hapa nyumbani, nitakwenda kisimani, nitarudi na ndoo kichwani. Hutanishika, hutasema neno. Nikirudi salama, hutaniambia tena habari za Kimali hadi nife."

"Na usiporudi salama?"

"Nitakwenda kufunga nguo mwenyewe."

"Nikiona kwa macho yangu, dada, nitakubali."

"Wewe utaona kwa yako. Mimi nitaona kwa mkono."

Nancy alikuja kuaga kabla siku hiyo haijafika. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, anakwenda Dodoma kwenye kazi nyingine. Alikaa sebuleni karibu na mtungi, akanywa maji mara mbili, akasema atakayemfuata ameachiwa maelekezo yote. Klementina alimshika mikono yote miwili. "Wabheja, mwanangu," alimshukuru. Msichana aliondoka upesi.

Aliyefuata aliitwa Selestini. Alikuwa na pikipiki na sauti ya mtu ambaye ana vijiji vingine vya kufika. Alipita Kasoli jioni ya siku ile Mwandu alipowasili, akakusanya bangili zote kwa ajili ya betri mpya.

"Kesho ninaihitaji, baba," Klementina alimwambia. "Kesho hasa."

"Shaka ondoa, mama. Asubuhi na mapema."

Na kweli, hakudanganya. Asubuhi Mwandu alikuwa bado anapuliza uji wakati pikipiki iliposimama uani. Selestini alimvalisha bangili kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mkanda, akaning'iniza kijisanduku kifuani.

"Imekuwa mpya kabisa, mama."

"Hakuna kilichobadilika?"

"Imeongezewa nguvu tu. Sasa betri inakaa wiki nzima."

Akawasha pikipiki, akaondoka. Bangili ilikuwa kimya, maana ua ulikuwa wazi, na ukimya ule Klementina aliujua. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Alichukua ndoo. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye fimbo ya mkole iliyoegemea mlangoni, ukaigusa, ukatulia juu yake.

"Na fimbo je?" Mwandu aliuliza. Hakuuliza kwa dhihaka. Alikuwa anataka kujua tu.

Lakini Klementina alisikia ndani ya swali lile kila kitu ambacho angeambiwa baadaye: kwamba alisaidiwa, kwamba ni fimbo iliyomfikisha, kwamba hata kipofu wa mnadani ana fimbo. Akaondoa mkono.

"Leo siihitaji."

Felisita alikuwa amesimama kwenye ua wake na wanawake wengine wawili, wamejifanya wanaanua nguo. Klementina aliwasikia wakinyamaza. Jua lilimgusa shavu la kushoto. Akatembea. Nyuma yake, mbali kidogo kama walivyokubaliana, viatu vya Mwandu vilisaga changarawe. Alipita kichuguu, akapita harufu ya mbegu za pamba iliyokuwa inatoka kwenye ghala la ushirika, akajua mtaro unakaribia kwa sababu sauti ya hatua zake ilibadilika, ikawa na uwazi mbele yake.

Akafika pale pa siku zote, na joto likamjia.

Alisimama. Joto palepale penye mbao. Hakuogopa, aliwaza. Vibarua wa mkandarasi walikuwa na tabia ya kusogeza mbao wanapopitisha toroli. Jana yake alikuwa amewasikia wakipiga kelele upande huu. Basi wamezisogeza. Akageuza kifua taratibu kuelekea kulia, na ubaridi ukaja.

Ukaja mwingi. Haukuwa uzi tena, ulikuwa mpana kama mlango wa kanisa uliofunguliwa wote. Mkono wake ulitulia, kisha bega, kisha kitu kilichokuwa kimekaza kifuani tangu alfajiri kikalegea. Wamefukia, alijiambia. Wamefukia mtaro, au wameweka zege, na leo, katika siku zote, leo. Alisikia furaha ikimpanda kooni hadi akataka kugeuka kumwambia Mwandu.

"Dada," Mwandu aliita.

Aliinua mkono wenye bangili kumnyamazisha. Walikubaliana. Na Mwandu, aliyekuwa mtu wa kushika neno lake, aliyeona kwa macho yake dada yake akielekea kwenye shimo lakini pia alikuwa amemwona jinsi alivyotembea hadi hapo bila kuyumba, kama mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui, Mwandu alinyamaza.

Klementina akapiga hatua mbili katika ubaridi ule.

Mfupa wa nyonga ulivunjika, na wa kifundo cha mguu. Hospitalini alilala wiki nyingi, mguu umefungwa, na katika siku zote hizo hakulia wala hakueleza, kwa sababu hakuwa na la kueleza. Alikuwa amefuata ubaridi. Ubaridi haukuwahi kumdanganya. Mchana kutwa alirudia hatua zile kichwani akitafuta aliposahau, akafika mahali pa kuamini kwamba yeye mwenyewe ameharibika, kwamba kilichoanzia machoni kimeshuka mkononi. Watu wazima wakikujia kitandani na kukuambia pole kwa sauti ile ile kila siku, unaanza kuamini mengi.

Selestini alikuja kuchukua bangili, maana ilikuwa mali ya mradi. Alileta machungwa. Aliketi pembeni mwa kitanda akitafuta pa kuweka helmeti, na Mwandu alikuwepo, amesimama dirishani.

"Pole sana, mama. Ofisini tumesikitika. Ni wewe tu, wenzako wote wanaendelea vizuri." Akasita. "Sasa mama, ilikuwaje? Ulisahau? Baridi si ni kusimama?"

Klementina aligeuza uso upande ilikotoka sauti.

"Yangu baridi ni kwenda."

"Hapana, mama. Joto nenda, baridi simama."

"Nancy aliigeuza."

Ikafuata sauti ya kijana anayekumbuka jambo na kutamani asingelikumbuka. "Niliikuta moja imekaa kinyume. Nikaona ni kosa. Nikairudisha ifanane na za wenzako."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Nesi alipita na toroli la dawa. Selestini alisema tena pole, na safari hii ilikuwa pole ya kweli, ilimtoka vibaya, imekatikakatika. Kisha akaichukua bangili, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka, na machungwa yakabaki yamefungwa kwenye mfuko juu ya shuka.

Klementina alikaa akipumua. Uzito fulani ulikuwa umemtoka. Mkono wake ulikuwa mzima, ngozi yake haikusema uongo, aliyegeuza maneno ni mwingine. Akamwita mdogo wake.

"Mwandu. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Sikukosea."

"Hukukosea."

"Kwa hiyo nikipona nitarudi Kasoli."

Mwandu alikuja akaketi pale alipoketi kijana. Alimenya chungwa moja hadi likaisha kumenywa, akalitenga vipande, akamwekea kimoja kiganjani.

"Hata kama, dada," alisema.

Aliyatamka maneno yale kwa upole mkubwa, na Klementina akaelewa kwamba kugombana kumekwisha. Angekuwa amekosea, angeahidi kutokosea tena. Hakukosea, na mtaro ulikuwa palepale, na siku nyingine atakuja Selestini mwingine, mwenye haraka nyingine na adabu zake zote.

Nyumba ya Kasoli alipewa kijana mmoja mnunuzi wa pamba, akaweka magunia hadi chumba cha kulala. Mtungi, Felisita aliomba kubaki nao. Fimbo ya mkole haikujulikana ilikokwenda.

Kimali kila kitu kilikuwa kama alivyokiona kabla. Kigoda kilikuwepo, na kivuli kikaja na kuondoka, na watoto wa Mwandu waliopita na ndama walimwamkia kwa heshima, wakimwita mama. "Mwangaluka, mayu. Mhola?" Naye alijibu kama mtu yeyote anavyojibu, mhola, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kusubiri jibu jingine.

Minza, mke wa Mwandu, ndiye aliyemhudumia. Alikuwa mwanamke mwema mwenye mikono iliyotoka jikoni muda wote. Kila asubuhi alimjia kwenye kigoda, akainama, akamshika mkono wa kulia kwenye kifundo, palepale palipokaa kibati.

"Twende ukaoge, wifi."

Mkono wa Minza ulikuwa na joto. Na mwili wote wa Klementina, kabla hajaamua lolote, ulikaza, ukagoma kwenda.

"Twende, wifi," Minza alisema, akivuta kidogo. "Maji yanapoa." Kisha, alipoona haendi, alimwambia mumewe aliyekuwa anapita kwenda zizini, kwa sauti ya chini ambayo watu huitumia mbele ya vipofu wakidhani ni viziwi: "Dada yako ni mkaidi. Kila siku lazima nimvute."

Na alimvuta.